Mume Wetu Anafifia

Mimi na bibi yangu tulikuwa wake wenza. Asiyejua utani wa bibi na mjukuu atashtuka, lakini kwetu ndivyo ilivyo: mume wa bibi ni mume wa mjukuu wake wa kike pia. Babu alipokuwa hai aliniita mke mdogo mbele za watu, na bibi akajifanya kununa. Alipofariki tukabaki wajane wawili, yeye kijijini Buigiri na mimi Mkonze, tukigombania picha yake.

Picha yenyewe ilikuwa moja tu, ya pasipoti. Bibi aliifunga kwenye pindo la kanga, na jasho lilikuwa limeshakula shavu moja. Siku moja alinishika mkono akasema, "Mke mwenzangu, naanza kuisahau pua yake." Alisema huku anacheka, ila ule mkono ulinibana kwelikweli. Nikaona hapa pana kazi.

Soko huria lilikuwa limekolea, Dodoma mjini unapata kila kitu ilimradi usiulize kimetoka wapi. Mimi na mume wangu, huyu wa kweli, tulikuwa tumenunua kompyuta, skana na printa ya mtumba, tukawa tunachapa kadi za harusi sebuleni. Nikaipitisha ile picha kwenye skana, nikalitengeneza shavu, nikaikuza. Printa ikaanza kumtoa babu taratibu, mstari kwa mstari: kofia, paji la uso, kisha pua. Ilipofika pua nilipiga vigelegele peke yangu, mume wangu akatoka chumbani akidhani nimeng'atwa na nge.

Bibi alipoipokea alicheza. Sisemi alifurahi, alicheza, mabega yakitikisika. Akaitundika ikitazama mlango, kwa sababu babu hakupenda mgeni aingie bila yeye kumwona. Kila asubuhi akawa anamwamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," kisha anampangusa kwa kitambaa chenye maji, kama alivyopangusa kila kitu humo ndani, maana vumbi la kwetu halina likizo. Sasa karatasi ilikuwa ya kawaida ya ofisini, na wino ulikuwa wa maji, niliojaza mwenyewe kwenye katriji ya printa kwa bomba la sindano. Ndevu za babu zikahamia kwenye kitambaa.

Nilikasirika, na mimi nikikasirika ndipo kazi inapoenda. Nikanunua karatasi ya kung'aa. Picha ya pili kitambaa hakikuiweza, lakini jua la mlangoni liliila: rangi ya buluu ilikimbia kwanza, ukabaki wekundu mtupu. Niliporudi Buigiri, bibi alinipokea na mashtaka. "Mume wetu amelewa," akasema. "Hebu mtazame." Kweli babu alikuwa mwekundu kama katoka kilabuni. Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Ikawa vita. Muuza vifaa vya ofisi mmoja pale mjini, mtu wa Kondoa mwenye subira kunishinda, alinieleza kwamba kuna wino ambao rangi yake imeyeyuka kama sukari kwenye chai, na huo jua huumaliza upesi. Upo mwingine ambao rangi yake ni chembe za unga laini, na huo hustahimili. Karatasi nayo, ile rahisi hugeuka manjano yenyewe hata ukiifungia kabatini. Akaniagizia wino wa chembe na karatasi nzito. Nikachapa, nikaweka kioo kisichogusa picha, nikamtundika babu ukuta wa ndani, mbali na jua. Nikampa bibi amri: kitambaa kikavu, na kwenye kioo tu. Aliitikia kila neno kwa upole usio wake, na mimi nikaridhika.

Mvua zikaja zikapita, kiangazi kikaingia. Malalamiko hakuna. Nilijisifu kwa kila aliyefuata kadi: babu yangu hafifii ng'o! Kazi zikatufunga, Buigiri ikawa ya kutuma salamu na watu.

Siku nilipokwenda, bila taarifa, jua linachoma, nilimkuta bibi uani kaanika majani ya mlenda. Ungo mmoja mlenda, ungo wa pili mlenda. Wa tatu, babu. Katolewa kwenye fremu, kalala chali, kawekewa vijiwe pembeni asipeperuke.

Nilipandisha sauti hata shikamoo nikaisahau. Nikamuuliza ana wazimu gani, baada ya taabu yote ile niliyopata. Bibi akageuza majani yake bila haraka, kisha akamsogeza babu kidogo, alipokee jua vizuri.

"Mgumu huyu," akasema. "Wale wa kwanza wakififia, wewe unakuja. Huyu hafifii, na wewe huji."

Nikaketi kando ya ungo. Nikatoa shikamoo yangu. Aliitikia marahaba, akaniuliza kama nitakula, na tukala mlenda na ugali mpaka nikasahau nilikuwa nagombea nini.

Babu mgumu nilimrudisha kwenye kioo chake, chumbani. Kisha nilirudi Mkonze, nikatafuta lile bomba la sindano, nikajaza katriji wino wa maji. Nikachapa babu mwingine kwenye karatasi ya ofisini, nikaenda kumtundika palepale penye jua, akitazama mlango. Kila alipoanza kulewa, nilipanda gari kwenda Buigiri.