Kidole na Barua Yangu ya Choo

Miaka minane nimenusa choo cha shemeji yangu kwa sababu ya mwanaume mmoja mvivu. Shemeji alikijenga uani kwangu, chini ya dirisha la jiko, mume wangu hajamaliza hata arobaini kaburini.

Mvivu mwenyewe tunamwita Kidole. Anachapa barua za watu kwenye duka linalotazamana na ofisi ya baraza la ardhi, anadonoa kompyuta kwa kidole kimoja kama kuku mgonjwa. Shingoni tai, mguuni ndala. Na ana sheria yake: hasevu kitu mpaka barua iishe na mteja aseme asante. "Ukisevu mapema unasevu na makosa." Miaka ishirini kwenye kiti kile, na hicho ndicho alichojifunza.

Mwaka ule nilimtamkia malalamiko yangu asubuhi nzima. Tumefika mwisho, bwana akafungua matokeo ya mpira palepale, barua ikayeyuka. Na baraza lilikuwa linapokea barua mwisho mchana ule! Kuomba radhi hakutaka. Nilipokwenda kujieleza, akawaambia wazee wa baraza, "Huyo mama hakufika kwangu. Uzee, anachanganya siku." Wakamwamini. Si ana tai! Shemeji akashinda bila kufungua mdomo.

Mwaka huu baraza jipya likasema tulete malalamiko upya. Nikarudi kwa Kidole, maana mchapaji mwingine hapa hakuna. Nikatamka, akadonoa. Tunakaribia mwisho, mpira tena! Kioo cheupe.

"Bibi, tuanze tu. Hata hivyo hukuwa umesema la maana."

"Nimeongea tangu mnafungua duka, we zezeta!"

Mwenye duka, mama asiye na maneno mengi, akatoka chumba cha nyuma. "Kelele za nini?"

"Huyu bibi, dada. Eti amenitamkia barua. Ndio kwanza anaingia."

Uongo uleule, sura ileile.

Mama yule akainama, akaufungua tena ule ukurasa wa kuandikia. Ukauliza: kuna kazi haikusevwa, irudishwe? Akabonyeza. Barua yangu ikarudi yote, mpaka neno lililokatika katikati.

"Tangu mwezi jana inajisevu yenyewe, kila baada ya muda kidogo," akasema. "Nilikuambia, ukasema unajua. Na muda wenyewe umeandikwa hapa: umeanza saa mbili na nusu."

Foleni nzima ya wateja nyuma yangu ikamgeukia. Akalegeza tai.

"Ongeza chini, kwa mdomo wako mwenyewe," nikamwambia. "Miaka minane iliyopita nilifika, ukapoteza barua yangu, ukalidanganya baraza. Weka na jina lako."

"Dada..." akamlilia mwenye duka.

"Chapa."

Akachapa. Kufika "nilidanganya", akafuta mbio.

"Futa tu, mwanangu. Kompyuta imeshakuona," nikamwambia.

Akalirudisha. Akasaini. Nikavuka barabara na karatasi ingali na joto, karani wa baraza akaisoma mara mbili, akamwita mwenyekiti. Jumatatu choo kikavunjwa kwa amri ya baraza, nami nimesimama dirishani.

Siku ile Kidole alikaa ananitazama, anangoja niseme asante. Angoje.