Mabaki ya Saiba na Harusi ya Shangazi

Kompyuta iliyokaa muda mrefu bila kuwashwa hutoa harufu kabla ya kutoa mwangaza. Ni harufu ya vumbi linaloungua polepole ndani ya feni, kavu na chungu kidogo, inayokwama nyuma ya koo. Nyumbani kwetu, karibu na Ekerenyo, harufu hiyo ilichanganyika na ya ndizi zilizokuwa zikiiva ghalani, kwa sababu ghalani ndiko baba mdogo alikorundika vyombo vya saiba yake, duka lake la intaneti, alipoifunga. Watu walikuwa wameanza kupata intaneti kwenye simu, na viti vyake vikabaki bila wa kuvikalia. Kilichosalia kilikuwa maboksi ya kompyuta yaliyopoteza pande zake, kibodi zilizofutika herufi, spika mbili ambazo hazikufanana hata kwa rangi, na nyaya zilizosokotana kama mizizi ya mgomba. Mama aliviita vitu hivyo takataka. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, kaka yangu Ombati akiwa na kumi na mitano, na likizo ile ya Agosti tulikuwa na sababu ya kuviita jina jingine.

Sababu yenyewe ilikuwa nyanya yetu, mamake baba, ambaye kwa Kigusii tulimwita Magokoro. Aliteleza kwenye mteremko wenye matope akiwa amebeba mkungu wa ndizi, akavunjika nyonga, na wiki chache baadaye binti yake kitinda mimba, shangazi Kerubo, akafunga ndoa Eldoret bila yeye. Daktari alikuwa amemkataza safari. Mfupa uliunga, muuguzi akaja kumfundisha kusimama kwa mkongojo, lakini Magokoro alikataa. "Nisimame niende wapi?" alimwuliza. "Pale nilipotakiwa kusimama, walishasimama wengine." Shangazi alituma video ya harusi ndani ya flashi. Tulipoihamishia kwenye simu ya Mama na kumwonyesha, Magokoro aliisogeza simu karibu na pua, akaisogeza mbali, kisha akairudisha. "Mimi naona siafu wanatembea kwenye kioo," akasema. "Mtoto wangu ni yupi kati yao?" Tangu siku hiyo hakuitaja tena harusi, na kila jioni alirudi kitandani mapema zaidi.

Runinga yetu ilikuwa kubwa ya kumtosha, ila radi ilikuwa imeipiga kupitia waya wa antena. Kioo kiliwaka vizuri lakini hakikupokea chochote. Ombati ndiye aliyegundua kwamba tundu la kuunganishia kompyuta, kule nyuma, lilikuwa bado zima. Basi tukaanza. Tulifanya kazi asubuhi tu, maana mchana mawingu yalipoanza kupanda kila kitu kilichomolewa ukutani, na hilo halikuwa jambo la kujadiliwa nyumbani kwetu. Ubao mkuu tuliutoa katika boksi moja, diski katika jingine, kisambaza umeme katika la tatu. Vijibao vya kumbukumbu nilivisugua meno kwa raba ya shule mpaka shaba ikang'aa. Ombati alikuwa na haraka, mimi nilikuwa mtu wa utaratibu: kila skrubu niliiweka kwenye kifuniko cha chupa, kila kifuniko na mahali pake. "Fundi Moraa," alinitania, "wewe ungekuwa daktari, mgonjwa angekufa akingoja upange makasi." Lakini asubuhi feni ilipozunguka na maandishi meupe yakajitokeza kwenye kioo kidogo cha saiba, ni yeye aliyekimbia uani akipiga kelele hadi kuku wakatawanyika.

Ghalani mashine yetu ilicheza video asubuhi nzima bila kukwama. Jumamosi ikapita kwa ibada na mapumziko, kama desturi yetu Waadventista, na Jumapili tukaihamishia sebuleni. Mama alikuwa amealika akina mama wa jirani. Tulilaza boksi mezani chini ya runinga, upande wake ulio wazi ukiangalia juu, matumbo yote nje. Ombati akambeba Magokoro mgongoni, akamweka kwenye kochi la mbele. Magokoro alikuja kwa shingo upande, akitukumbusha njia nzima kwamba siafu ni siafu hata wakiwa wakubwa. Picha ilipotokea, akawaacha siafu, akainama mbele. Mlango wa nyumba ukaonekana, wanawake wakiimba mbele yake, kisha kitu cheupe kikaanza kutoka. Hapo hapo kioo kikawa cheusi.

Tuliwasha tena, ikazima. Tukawasha tena, ikazima kabla kile cheupe hakijavuka mlango. "Bibi harusi amekwama mlangoni!" alisema Mama Nyaboke, jirani yetu mwenye sauti ya sokoni. "Msaidieni, labda gauni limenasa!" Wote wakacheka, isipokuwa Magokoro. Alikuwa amegeuza uso ukutani. "Nirudisheni," akasema kwa sauti ndogo. Ombati alianza kulaumu soketi, akasema tuchomoe hiki, tubadilishe kile. Mimi nilisimama nikajiuliza swali moja tu: ghalani kulikuwa na nini ambacho hapa hakipo, au hapa kuna nini ambacho kule hakikuwepo? Umeme ni uleule, nyaya ni zilezile. Ndipo nikaona kitambaa.

Kwetu hakuna chombo cha maana kinachokaa sebuleni bila kitambaa. Viti vina vitambaa, redio ina chake, hata thermosi ya chai ina chake. Mama alikuwa amefuma kimoja kipya kwa uzi mweupe, maua pembeni, akaifunika mashine nacho tulipogeuka. Feni ilikuwa imekivuta mpaka kikanata juu yake. Nilikigusa, kilikuwa cha moto kama kimetoka kupigwa pasi.

"Mama, inakosa hewa. Tukiondoe."

"Ikae uchi hivyo mbele ya wageni? Na matumbo yote nje?"

"Itazima tena, Mama."

Alinitazama, akamtazama Magokoro, kisha akatoka nje. Alirudi na kikapu chake cha kuchumia majani ya chai, akakipindua juu ya mashine. Hewa ikapita kati ya fito na feni ikavuma kwa raha. Halafu, kwa kuwa ni Mama, akakiviringishia kitambaa kwa chini kama sketi.

Shangazi Kerubo akatoka mlangoni. Tulivuka lango, tukavuka kanisa, tukafika kwenye hema la karamu, na Magokoro hakupepesa macho. Pale hemani mshereheshaji alishika maikrofoni. "Mama mzazi wa bibi harusi asimame tumwone!" Kwenye kioo, dada mkubwa wa shangazi alianza kuinuka kwa niaba ya mama yao.

"Kaa chini, wewe," Magokoro alimwambia. "Niko hapa." Akanyoosha mikono pande zote mbili. "Niinueni."

Mama Nyaboke akashika mkono mmoja, na Mama akashika ule wa pili. Alisimama akiwaegemea, akarekebisha leso kichwani, akasimama mpaka makofi ya Eldoret yakaisha, na ya sebuleni kwetu yakaendelea. Kesho yake ni yeye aliyeuliza muuguzi anakuja saa ngapi.

Siku hizi kazi yangu ni kufunga mitambo ya picha makanisani na katika kumbi za harusi, Kisii mjini na kwingineko. Vifaa vinakuja vipya ndani ya maboksi yao, vinawaka mara ya kwanza, na skrini nyingine ni pana kuliko sebule yetu yote. Wateja husifu rangi na sauti, nami hupokea sifa hizo kwa furaha, maana ni kazi nzuri na naijua. Lakini mitambo yote niliyofunga imewakuta watu wameketi na imewaacha wameketi. Ni mmoja tu, ule wa mabaki, ambao nimeuona ukimwinua mtu.