Maharage ya Vuguvugu

Mimi ni muoga, tena mlafi, na vita vilinikuta na sifa zote mbili. Muoga asiye mlafi angekaa ndani akafunga mlango. Mlafi asiye muoga angetoka mchana akafa mapema. Mimi nilitoka usiku, natetemeka, bakuli mkononi.

Miezi ile, baada ya wanajeshi wa Uganda kupanda magari yao na kuondoka, kupika mchana Bunia kulikuwa sawa na kualika wageni. Moshi ukionekana juu ya bati lako, wenye bunduki walikuja, na wakishakula walitaka na vingine. Soko lilifungwa kabla ya saa sita. Kibanda changu cha kutengeneza saa kilivunjwa siku ya kwanza, wakabeba mpaka meza. Kwa hiyo mchana mimi na mke wangu tulijifungia katika nyumba yetu ndogo ya mtaa wa Bigo, yeye na mimba ya miezi sita, mimi na jembe. Nilikuwa nachimba shimo chini ya kitanda ili tujitupe humo risasi zikianza. Mke wangu, ambaye hata vita havikumfunga mdomo, alikaa juu ya kitanda akinitazama.

"Unachimba choo ao kaburi?" aliniuliza.

Nilichimba majuma mawili. Udongo wa Bigo ukikauka ni tofali. Viganja vyangu vya fundi wa saa vilitoka malengelenge, yakapasuka, yakageuka sugu.

Sitaandika hapa sisi ni watu wa upande gani wa vita vile vya makabila. Nikitaja, nusu ya wasomaji watasema tulistahili, na nusu nyingine watanipenda kwa sababu isiyofaa. Inatosha kujua kwamba miezi ile mji ulikuwa mikononi mwa upande mwingine, na kwamba mtu wa upande wetu akishikwa barabarani hakurudi nyumbani. Sura yangu haikusema kitu. Swahili yangu ni ile ile ya Bunia ambayo sote tunaiongea, wa huku na wa kule. Nikinyamaza nilikuwa mtu tu. Lakini kila nilipofungua mlango niliufunga tena mara mbili kabla ya kutoka, na sioni haya kulisema.

Mahali pa kula hapakuwa pengi. Kwa kweli palikuwa kwa mama mmoja tu, nyumba ya nne kutoka kwetu, ukipitia nyuma ya vyoo. Alikuwa mjane kutoka Butembo, aliyekuja zamani na biashara ya maharage akabaki. Kabla ya vita alikuwa na malewa pale uani, hoteli ya benchi mbili isiyo na bango, na wateja wake wakubwa walikuwa wachimbaji wa dhahabu walioshuka kutoka Bambu na njaa ya mwezi mzima. Yeye hakuwa wa upande huu wala ule. Alisema hilo linamlinda kama mwavuli unavyolinda mtu aliyelala mtoni.

Ulikuwa unafika kwake saa tatu, saa nne, wenye bunduki wakiwa wameshuka kunywa kando ya barabara kubwa. Hubishi hodi. Unakwaruza bati la mlango wa jikoni kwa kucha, anafungua. Ndani hakuna taa. Makaa yamefunikwa majivu, unaona wekundu kidogo tu, na watu wanne watano wamekaa bila kuonana nyuso. Kwake hapakupondwa sombe, yale majani ya muhogo, maana mchi unasikika mpaka barabarani. Hapakukaangwa kitu, maana mafuta yanalia na vitunguu vinanukia. Makayabo, ile samaki ya chumvi ambayo ningeweza kuuza shati kwa ajili yake, aliipiga marufuku kabisa. Yalibaki maharage ya chumvi na bugali.

Na maharage yenyewe yalikuwa vuguvugu. Kila usiku. Ungedhani anayapepea. Kwangu mimi chakula cha vuguvugu ni tusi, na hofu haikunizuia kununa.

"Mama, tena baridi?"

"Kula, papa. Tumbo yako itaipasha."

Wenzangu gizani walicheka kwa pua. Nilikula nikinung'unika, kisha alinijazia bakuli la mke wangu, nikarudi mbio kwa kuinama kama mwizi wa kuku. Hivyo tuliishi karibu miezi mitatu, na nikisema tuliishi ninamaanisha kwamba mke wangu na kile kilichokuwa tumboni mwake walikula.

Halafu mwenye bunduki mmoja alipagundua. Sijui nani alimwonyesha. Njaa haina upande. Alikuwa mtu mzima mwenye kikohozi, na usiku wa kwanza alipoingia nilificha uso wangu ndani ya bakuli. Mama hakumfukuza. Alituambia baadaye kwamba ukimfungia mlango mwenye bunduki, ataingia pamoja na mlango. Alimwambia jambo moja tu.

"Kwangu bunduki haikulaka chakula. Weka chini ya benchi."

Akaiweka. Tangu siku ile alikuja kila usiku, na kila usiku nilikula nikijua ile kitu iko karibu na kisigino changu. Unaweza kuuliza kwa nini nilirudi. Mke wangu alikuwa anakula kwa ajili ya wawili, na mahali pengine hapakuwepo.

Usiku ninaousimulia nilifika na hasira. Mchana kutwa risasi zililia upande wa Mudzipela, tukakaa shimoni tangu asubuhi, na mke wangu alikuwa amelia kwa miguu kufa ganzi. Nilipoonja maharage, vuguvugu, nikasahau nani yuko karibu yangu.

"Mama, hata mufungwa anapataka kitu ya moto!"

Mwenye bunduki alikohoa, akacheka. "Iko na haki, mama. Tupatie ya moto leo. Baridi njo inaniua kifua."

Mama alisimama na mwiko wake. Nilimwona kwa ule wekundu wa makaa, alikuwa ananitazama mimi, si yeye. Sikuelewa. Nilifikiri ameudhika kwa kazi ya kupasha. Akarudisha sufuria juu ya moto, akangoja mpaka supu ikachemka, akatupakulia polepole.

"Mupulize," alisema. "Mupulize vizuri."

Mlafi hapulizi. Niliweka kijiko kizima mdomoni.

Kuna maneno ambayo mtu hajifunzi mara ya pili. Swahili niliipata barabarani na shuleni, lakini kulilia maumivu nilijifunza mgongoni kwa mama yangu, na huko hakukuwa na Swahili. Nililia "mama" kwa lugha yetu, kwa sauti, pamoja na yale maneno mawili ambayo watoto wetu wote wanaongeza. Na kabla ulimi haujapoa nilielewa kwa nini kwa miezi mitatu yule mwanamke alikuwa anapoza chakula. Hakuwa mvivu. Alikuwa anatuchunga, sote, wa huku na wa kule, ili asiungue mtu akalia.

Benchi nzima iliacha kutafuna.

"Nani analia vile?" mwenye bunduki aliuliza. Hakuwa na ukali. Alisikika kama mtu anayeuliza saa.

Mdomo ulikuwa umejaa maharage na sikuweza kumeza wala kutema.

"Aa, ule?" Mama alisema, akaendelea kukoroga. "Usimusikilize. Ni muchimbaji ya Bambu. Bale bantu banaliaka mu luga yote. Nilikuwaka na mumoja hapa, akipiga kidole ku jiwe anatukana mu Kinande yetu, na Butembo hajafika hata siku moja."

"Bambu?" Akageuka kwangu. "Lete mukono."

Nilimpa mkono. Mtu asikudanganye kwamba saa kama ile unawaza Mungu au mke. Niliwaza kwamba suruali yangu ilikuwa inalowa, na kwamba benchi ni ya mbao, na kwamba mkojo utamfikia. Kidole gumba chake kilipita juu ya kiganja changu, kikarudi, kikasimama kwenye sugu moja baada ya nyingine, zile nilizozipata chini ya kitanda kwa kuogopa watu kama yeye.

"Huu njo mukono ya kazi," alisema.

Nikameza.

"Muzuri. Tuko tunatafuta batu ya kuchimba. Kesho asubuhi tutakufata. Unakaa wapi?"

Hakusema kuchimba nini. Juma lile kulikuwa na watu wengi ambao hawajazikwa, na tulikuwa tumesikia kwamba wanaochukuliwa kuchimba hubaki palepale walipochimba. Nilitaja mtaa wa mbali, ng'ambo ya soko, na sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya msichana.

Alifikiri kidogo. "Mama, weye unamujua ule mutu?"

"Ninamujua."

"Basi tutamuuliza kwako."

"Mutamuuliza kwangu," alisema mama.

Akamaliza maharage yake akipuliza kila kijiko, akaokota bunduki, akatoka. Wenzangu walitoka mmoja mmoja bila kuaga. Mama akajaza bakuli la mke wangu, akalifunika kwa sahani kama kila usiku, akanipa.

"Enda, papa. Leo musilale."

Nilielewa anachosema. Kulikuwa na neno moja nilipaswa kumjibu, "na weye?", neno fupi hata kwa mtu mwenye ulimi ulioungua. Sikulisema. Nilikuwa nimeshafika mlangoni.

Nyumbani nilimweleza mke wangu yote. Akafunga kanga mbili na sabuni kwenye kitambaa, hakuuliza tunakwenda wapi, maana njia ilikuwa moja, ile ya kuelekea Komanda. Kisha akasimama.

"Na mama?"

"Mama ana nini?"

"Kesho banakuja kumuuliza yeye. Atabaonyesha nani? Rudi, umuambie twende pamoja."

Nilimwambia hakuna wakati. Akakaa juu ya kitanda, na tumbo lake lile, akasema bila mama yeye hatoki. Namjua. Nikatoka.

Nilifika nyuma ya choo cha jirani, hatua labda thelathini. Mbele yangu palikuwa na kiwanja kitupu, kisha ukuta wa nyumba ya mama. Mtu alikohoa mahali fulani gizani. Labda alikuwa yule mwenye bunduki, labda alikuwa mzee yeyote wa Bigo mwenye kifua kibovu. Niliegemea ukuta wa choo na miguu ikakataa. Niliiambia iende. Nakumbuka niliisemesha kabisa, kwa lugha yetu, kama unavyosemesha mbuzi. Nilikaa pale muda ambao mtu angeutumia kwenda, kusema, na kurudi. Halafu nikarudi.

"Amekataa," nilimwambia mke wangu. "Anasema maharage ya kesho iko tayari mu maji."

Aliamini kwa sababu ya yale maharage. Yalikuwa maneno ambayo mama angeyasema.

Tulitembea usiku ule na siku kumi zilizofuata, pamoja na watu wengi, tukilala kwenye majani na kuingia porini tukisikia gari. Chakula cha lile bakuli tulikila asubuhi ya kwanza, kikiwa kimeganda, na mke wangu alilamba mpaka sahani. Mtoto alizaliwa karibu na Beni, katika chumba cha kanisa kilichojaa wakimbizi, msichana, mwenye nguvu, mwenye njaa. Mkunga alikuja na daftari lake kuuliza jina.

"Tumupatie jina ya mama wa maharage," mke wangu alisema. "Awe ndoyi wake, wa jina moja. Bila ule mama mutoto huyu hangekuwako." Akanigeukia. "Anaitwa nani?"

Sikujua. Kwake hatukuulizana majina. Jina la mtu ni kabila lake, na hakuna aliyetaka kusikia la mwenzake. Yeye sote tulimwita mama.

"Miezi tatu unakula kwake, haujui jina?"

"Sijui."

Mtoto alikuwa ananyonya. Mke wangu alimtazama, kisha akanitazama mimi, na sasa uso wake ulikuwa umetulia, jambo ambalo lilinitisha kuliko kile kidole gumba.

"Ile usiku ulirudi kumuambia twende pamoja. Ulisimama ku mulango ukaita nani?"

"Niliita mama."

"Na akaitika?"

Mkunga alikuwa anangoja na kalamu yake.

"Akaitika," nilisema.

"Basi, aandike Mama," mke wangu alisema, akamhamishia mtoto kwenye titi la pili, na tangu siku ile hajaniuliza tena. Binti yetu sasa ni mtu mzima. Nikimwita, anaitika.