Mbegu Yenye Mgongo

Miezi miwili iliyopita nilikuwa nangoja muhuri katika ofisi ya shefu wa mtaa wetu, hapa Kamina. Baba mmoja akaingia akimfuata nyuma mama jirani yake, kama askari na mfungwa wake.

“Shefu, nilimuona na macho yangu! Anazika badudu ya kukauka pembeni ya lupango yangu, karibu na nyumba yangu.”

Mama akafungua ngumi. Ndani mlikuwa na vitu vidogo vya kijivu, vimejikunja kama viwavi waliokaushwa juani.

“Iko mbegu, Papa Shefu. Ya maua, kalendula. Masista banatengenezaka nayo mafuta ya ngozi ya batoto.”

“Mbegu gani iko na mugongo?” baba akauliza.

Shefu hakuzigusa. Alizigeuza kwa ncha ya kalamu ya biki, akasogeza kiti nyuma, ndipo akakata shauri: “Utapanda hapa, mbele ya ofisi. Bantu bote baone.”

Ijumaa iliyopita nilirudi kufuata muhuri ule ule. Kalendula zilikuwa zimechanua mlangoni, rangi ya chungwa inayoumiza macho. Yule baba alikuwa amechuchumaa hapo, anafukua udongo kwa kidole.

“Sawa, iko maua,” akaniambia. “Lakini bale badudu balienda wapi?”

Nilicheka mpaka machozi. Halafu nikakumbuka punje tano ambazo yule mama alinigawia siku ile. Bado nimezifunga kwenye karatasi, nje, juu ya ukuta wa choo. Kuzipanda sijazipanda, na kuzitupa naogopa.