Onyo Lililofutwa Pamoja na Takataka

Jumanne asubuhi nilipigiwa simu kwamba mama aliyekuwa jirani yangu hapa Makongeni amefariki, presha, walisema. Ninyi mnaonisoma hamkumjua. Alifanya kazi katika ofisi moja kule Ruiru, ambako vipimo vya maji ya visima kutoka vituo vingi viliunganishwa kuwa faili moja ya watafiti. Kila faili ilikuja na maelezo yaliyobandikwa: nani alipima, kwa kompyuta gani, saa ngapi, na maneno mengine ya huku na huku. Kazi yake ilikuwa kuondoa yasiyohitajika.

Siku moja mkubwa wake alimwambia, "Toa yote, bakisha namba tu. Watu wanangoja." Akatoa. Wiki tatu baadaye, akitafuta kitu kingine katika faili za awali, aliliona onyo alilofuta. Mpimaji wa kisima kimoja cha Witeithie alikuwa ameandika: "Mashine imeharibika, msitegemee namba hizi." Na kisima hicho kilikuwa kimeshatangazwa kuwa salama. Alikimbia kwa mkubwa wake. "Imeshatumwa kila mahali, mama. Utairudishaje?" Aliandika barua pepe, hakuna aliyejibu. Basi akaenda Witeithie mwenyewe, akibisha mlango kwa mlango, nami nikamsindikiza. Mwanamke mmoja aliyekuwa akifua alisimama na povu mikononi. "Ngai, Mungu wangu! Juzi mlisema ni safi, leo mnasema ni mbaya. Sasa tuamini nani?" Jirani yangu akamjibu, "Niamini mimi, kwa sababu ni mimi nilifuta." Yule mwanamke akaketi chini, pale pale kwenye maji ya sabuni. Mtoto wake alikuwa amelazwa tangu Jumapili, akihara.

Mtoto hakupona. Hakuna aliyethibitisha kwamba ni maji, na hakuna aliyeweza kumwambia jirani yangu kwamba siyo. Kisima kilifungwa. Yeye alirudi kazini, akawa anasoma kila neno kabla ya kulifuta, mpaka wakamwona mzito na kumwachisha kazi. Aliniuliza mara nyingi, "Ningesoma mstari mmoja tu, ingenichukua muda gani?"

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mama huyu alikufa akiyazoa peke yake, huku waliomharakisha wakiendelea na shughuli zao. Tunapenda takwimu nyepesi zisizo na maneno, kwa kuwa maneno hutuchelewesha. Ewe unayefuta leo, soma kwanza. Nawe unayemwamuru afute, mpe nafasi ya kusoma.