Aliuza sahani za nyama kumlipa nyota wa kikapu, sasa anamwogopa aliyetoa hundi kubwa

Basi la njano la shule linasimama kwenye kivuko cha reli, nje kidogo ya mji wa Calder Springs, Arkansas. Wynelle Gatlin anafungua mlango na kutega sikio, kama sheria inavyomtaka dereva aliyebeba watoto.

Hakuna treni. Hata hivyo hafungi mlango. Macho yake yako kwenye kioo cha pembeni, anatazama barabara aliyotoka.

"Bi Wynelle, twende basi," anasema msichana wa darasa la pili aliyekaa nyuma yake. "Hata honi haijalia."

"Najua, mwanangu. Ngoja kidogo."

Gari dogo jekundu linawapita. Anashusha pumzi, anafunga mlango na kuvuka reli. Anatafuta pikapu ya kijivu, na asubuhi hii haipo.

Mwenye pikapu hiyo si mtu baki. Wynelle alimpakulia chakula kwa mkono wake, akamchagulia na kiti cha kukaa. Ni hicho kiti kinachomkosesha usingizi.

Wynelle, mwenye umri wa miaka 61, ni mzaliwa wa hapa. Mumewe, ambaye mji mzima unamwita Dub, alistaafu kwenye kiwanda cha mbao baada ya kuumia bega. Mshahara wa basi haufiki dola elfu ishirini kwa mwaka. Wanaishi kwa huo, pensheni ndogo ya Dub na bustani ya nyuma ya nyumba.

Pamoja na hayo, kwa misimu mitatu Wynelle alikuwa miongoni mwa wachangishaji wakubwa wa Mfuko wa Korongo, unaowalipa wasichana wa timu ya kikapu ya Chuo cha Calder, iitwayo Korongo.

Mfuko ulizaliwa kwa uchungu. Baada ya wachezaji wa vyuo kuruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na picha zao, nyota wa Korongo aliondoka kwenda chuo kimoja cha Texas ambako mashabiki walimwahidi nyumba na gari. Calder Springs ilinuna kama imefiwa. Roscoe Teague, wakala wa bima, akaita mkutano katika ukumbi wa kanisa.

"Roscoe alisema wenzetu wana matajiri wa mafuta, sisi tuna nini?" anakumbuka Wynelle. "Nikanyoosha mkono nikamwambia, mimi nina tanuri la moshi."

Kila Jumamosi alipanga meza mbele ya duka la chakula cha mifugo. Nyama ya nguruwe iliyookwa kwa moshi, maharage, kachumbari ya kabichi na kipande cha mkate wa mahindi, dola kumi na mbili. Wastaafu walitoa dola kumi kila mwezi. Kinyozi alitoa mapato yake ya kila Jumatatu. Mwaka wa pili walipata kitu ambacho mji haukuwahi kukiota: Kendrise Tolliver, mchezaji mfupi mwenye kasi kutoka Greenville, Mississippi.

Mfuko ulimlipa Kendrise dola elfu tatu kwa mwezi. Sehemu kubwa aliituma kwa mama yake. Kwa upande wake alitakiwa kusaini mipira, kuwasomea watoto maktabani na kula na wafadhili. Kuuza sahani hakukuwa kwenye mkataba, lakini Jumamosi zisizo na mechi alikuja, akavaa aproni na kuwatania wateja.

"Bi Wynelle, hii kachumbari umeitia sukari kama unampikia mchumba," Wynelle anamkumbuka akisema siku ya kwanza.

"Nikamwambia, wewe funga sahani. Ukifunga vikapu kama unavyofunga foili, msimu huu tumekwisha."

Anacheka kidogo akisimulia, kisha anageuka kutazama dirisha. Tumekaa jikoni kwake na mapazia yamefungwa, ingawa ni mchana na jua linawaka.

Msimu uliopita, muuza matrekta mmoja wa wilaya hii alitoa hundi ya dola elfu ishirini na tano. Gazeti hili halimtaji kwa kuwa shauri lake bado liko mahakamani. Hakuna mtu aliyewahi kutoa kiasi hicho. Kwenye Chakula cha Shukrani, ambacho Mfuko huwaandalia wafadhili, alimfuata Wynelle aliyekuwa akipanga viti na kumwomba akae karibu na Kendrise.

"Alikuja kwa adabu, kofia mkononi. Nikamhamisha mke wa mchungaji, nikamweka yeye. Nilijiona nimefanya la maana, nimemfurahisha mtu aliyetusaidia."

Chakula kilipokwisha, mwanamume huyo aliweka mkono kwenye bega la Kendrise na kuwaambia waliokuwa mezani, "Huyu ndiye niliyemnunua." Meza nzima ilicheka.

"Na mimi nilicheka," anasema Wynelle. "Kendrise hakucheka. Nilimwona, nikaendelea kukusanya sahani."

Zawadi zikaanza: mkufu, kisha viatu vya saizi yake kamili, ambayo hakuwahi kumwambia. Ujumbe wa simu ukafuata, asubuhi na jioni. Kendrise alipobadilisha namba, namba mpya nayo ikajulikana. Korongo walipofungwa kwa pointi moja na yeye kukosa mitupo miwili ya adhabu, alipokea maneno ambayo baadaye yalisomwa mbele ya hakimu: "Sikulipi ili uangalie sinema na huyo mvulana mpaka unachoka. Zima taa ulale."

Taa ya chumba chake, anasema Kendrise, ilikuwa inawaka.

Alipeleka habari kwa Mfuko. Akaambiwa mashabiki wa huku ni watu wa mapenzi makubwa, atazoea. Ndipo Jumamosi moja, akifunga foili, akamwambia Wynelle bila kuinua uso.

"Bi Wynelle, yule mtu anajua nikiwa nimelala."

"Yupi?"

"Uliyemweka karibu yangu."

Wynelle alikaa juu ya pipa la barafu. Jumatatu iliyofuata, akiwa amejaza basi watoto, alipita karibu na nyumba za kupanga anakoishi Kendrise. Pikapu ya kijivu ilikuwa imeegeshwa ng'ambo ya barabara na dereva yumo ndani. Jumanne ilikuwa pale pale. Jumatano dereva alimpungia mkono.

Siku hiyo hiyo Wynelle alikwenda ofisini kwa Teague, anayesimamia Mfuko. Mazungumzo yao anayasimulia hivi:

"Roscoe, mrudishie yule bwana hundi yake."

"Hundi imeshaliwa, dada yangu. Imo miguuni mwa wale wasichana."

"Basi mwambie akae mbali na yule mtoto."

"Nimwambie mimi? Robo ya Mfuko ni yake. Ukimgusa huyu, msimu umekwisha, na mwakani hatuna timu. Hilo ndilo unalotaka?"

"Nataka alale na taa imezimwa asiogope."

"Wynelle, wewe unapika vizuri sana. Endelea kupika."

Teague alipoulizwa na gazeti hili alisema tu kwamba Mfuko unajali usalama wa wachezaji wote. Wakili wa muuza matrekta anasema mteja wake ni shabiki mkarimu aliyeeleweka vibaya.

Wynelle hakuendelea kupika. Alimchukua Kendrise wakaenda kwa polisi wa wilaya, kisha mahakamani kuomba zuio. Mkutano wa Mfuko ulipofika, alisimama kwenye ukumbi ule ule wa kanisa alikokuwa amenyoosha mkono mara ya kwanza. Aliwaambia watu yote aliyoyaona, akakiri kwamba kiti ni yeye aliyekitoa.

"Nilidhani watasimama na mimi. Walitazama viatu vyao. Kisha mtu mmoja, mtu ninayembebea wajukuu kila siku, akauliza kama huyu msichana atacheza robo fainali au hatacheza."

Jumamosi iliyofuata foleni ya sahani ilikuwa fupi. Nyama ilibaki. Karibu na saa sita pikapu ya kijivu ikaegesha mbele ya meza. Mahakama ilikuwa imemzuia kwa muda mwenye pikapu kumkaribia Kendrise. Haikusema lolote kuhusu Wynelle.

"Sahani moja, Bi Wynelle," alisema.

"Zimekwisha."

"Naziona pale."

Akampa, kwa sababu alitaka aondoke. Mwanamume huyo alionja nyama akiwa amesimama hapo hapo, akasifu moshi. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama anauliza hali ya hewa: "Mtoto wa mwisho wa basi lako unamchukua pale kona ya Barabara ya Mill, sivyo? Ile kona mbaya. Mtu akija kasi upande wa pili, hutamwona."

Aliacha noti ya dola mia na hakusubiri chenji.

"Nimeendesha basi kwenye barafu," anasema Wynelle. "Nimeendesha kimbunga kikiwa nyuma ya ghala la shule. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa mtu anayetafuna nyama yangu."

Alitoa taarifa. Polisi walisema kuzungumzia kona ya barabara si kosa. Shule ilimbadilishia njia kwa wiki mbili, kisha ikamrudisha kwa kuwa hakuna dereva mwingine anayeijua. Sasa anafika Barabara ya Mill mwendo wa kutambaa, watoto wakimzomea kwamba hata kobe atawapita.

Dub amehamishia kiti chake sebuleni, karibu na mlango.

"Nilioa dereva, sasa naishi na mkuu wa polisi," anatania. Mkewe anapotoka kuchukua maji, anainama na kusema kwa upole, "Hali tena chakula chake mwenyewe. Anasema kinanuka yule mtu."

Korongo walitolewa robo fainali. Kendrise alicheza, akiwa na askari wawili mlangoni, na wakati timu inatoka uwanjani kulikuwa na waliomrushia vikombe. Mmoja alipiga kelele kwamba anataka dola zake kumi.

Wiki iliyofuata Mfuko ulimwandalia mkataba mpya wenye malipo makubwa zaidi abaki. Kendrise alikwenda nao kwa Wynelle, wakakaa jikoni. Mwanamke huyu alikuwa ametumia miaka mitatu kukusanya fedha ili wachezaji kama yeye wasiondoke.

"Unaonaje, Bi Wynelle?"

"Mama yako anasemaje?"

"Anasema fedha ni nyingi. Halafu analia."

"Basi umeshajibiwa. Nenda."

Kendrise amepata nafasi katika chuo kidogo cha Mississippi, saa moja kutoka nyumbani kwao. Mashabiki wa huko hawana mfuko wa maana. Atapata masomo, kitanda na chakula. Kodi ya mama yake haijulikani itatoka wapi, na yeye mwenyewe hasemi mengi. "Nataka kufungua pazia," ndilo alilotuambia kwa simu.

Jumamosi mbili zilizopita Wynelle alirudisha meza mbele ya duka la chakula cha mifugo. Dub aliandika kibao kwa rangi: Sahani dola kumi na mbili, fedha zote ni za kumhamisha Kendrise. Wapo waliopunguza mwendo wa magari wakasoma, wakatukana. Mmoja alitema mate kwenye lami. Kwa saa nzima hakusimama mtu.

Wa kwanza kufika alikuwa Fontella Birch, mjane wa miaka themanini na kitu, shabiki wa mstari wa mbele ambaye kelele zake waamuzi wote wanazijua. Alinunua sahani nne.

"Fontella, wewe huli nguruwe tangu moyo ukusumbue," Wynelle alimwambia.

"Nani kakwambia nakuja kula? Fungasha."

Baada yake walikuja wengine, si wengi, baadhi wakilipa na kuondoka bila kumtazama usoni. Mapato yalitosha kukodi gari la mizigo, kujaza mafuta na kulipa kodi ya mama wa Kendrise kwa miezi miwili. Ile noti ya dola mia aliiwasilisha polisi ndani ya mfuko wa nailoni. Hataki kujua ilikokwenda.

Mwezi ujao mahakama itasikiliza kama zuio liwe la kudumu. Wynelle ataitwa kutoa ushahidi, akiwa ameketi hatua chache kutoka kwa mtu aliyemsifia moshi. Anasema amejaribu kufanya mazoezi mbele ya kioo cha bafuni na sauti imegoma kutoka.

"Nitakwenda hata kama itatoka ya kunong'ona. Hakimu atasogeza kiti."

Kuhusu safari, mpango wake uko tayari. Shule zikifungwa atamwendesha Kendrise mwenyewe mpaka Mississippi, mchana kweupe, Dub akifuata nyuma na gari la mizigo. Hawajamwambia mtu siku wala njia, na ameliomba gazeti hili lisiulize.

Kisha anataka kuishi mpaka msimu ujao. Chuo kipya cha Kendrise kimepangiwa kuja Calder Springs mwezi wa Desemba. Tunamuuliza kama atathubutu kwenda uwanjani, mji ukiwa namna ulivyo na yule bwana akiwa bado na kiti chake cha mbele.

Nje gari linapunguza mwendo. Dub anainuka mlangoni. Gari linapita.

"Tiketi nimeshanunua," anasema Wynelle, akishusha sauti. "Mbili. Upande wa wageni."