Siku ya Kutofagia

Marehemu mume wangu alikuwa na maneno machache na masharti mengi, na masharti yote yalihusu rangi. Ukitaka kumwona akibadilika uso, ungepiga chafya karibu na mlango ambao haujakauka. Nilimpenda kwa mambo mengi, lakini kumheshimu kulianza siku nilipopitisha kiganja juu ya mlango wa kabati alioumaliza, nikatafuta mahali brashi ilipopita, nisipaone.

Tulioana wakati Waingereza bado wanatawala. Tulipanga kijumba cha bati pembezoni mwa mji wa Arusha, upande wa kuelekea mlimani. Yeye alikuwa Mmeru wa Nkoaranga, mimi nilitoka Machame. Kwa muda mrefu alikuwa akimchanganyia rangi kontrakta mmoja wa Kihindi, akimbebea ngazi na kumsugulia kuta, huku macho yake yakiiba ufundi wote. Halafu mama mmoja wa Kizungu mwenye shamba la kahawa akamwita amfanyie kazi peke yake, bila kontrakta. Alitaka makabati ya jikoni mwake yapakwe upya, yawe meupe na laini kama sahani. Yakimpendeza, angempa nyumba nzima. Yasipompendeza, kwaheri.

Kwa mume wangu hiyo ilikuwa kazi ya kufa na kupona, na si kwa sababu ya Mzungu. Ilikuwa kwa sababu ya mama yake.

Mama mkwe wangu alikuwa mjane aliyezaa wavulana watupu. Kule Nkoaranga alisifika kwa uwanja wake. Aliufagia kabla ndege hawajaamka, kutoka mlangoni hadi kwenye migomba, na mistari ya ufagio ilibaki imenyooka mpaka mtu wa kwanza apite. Alikuwa na kahawa ya marehemu mumewe iliyokosa mikono, maana wanawe wengine nao walikuwa mbali kikazi, na rangi hakuihesabu kuwa kazi ya mwanamume. Aliposikia habari ya yule Mzungu alimwambia mwanawe mbele yangu, "Jaribu. Ikikushinda, unarudi nyumbani kushika kahawa ya baba yako, na habari ya rangi iishe." Mume wangu akakubali, na yeye akishasema ndiyo harudi nyuma. Nikakaa pale nimeshika kikombe. Kahawa sikuwa na ugomvi nayo. Ila nilikwisha kumwona mtu yule akiwa na brashi mkononi, na nilijua akiiacha atakuwa mtu mwingine, na huyo mwingine sikuolewa naye.

Aliing'oa milango kwenye makabati, akaileta kwetu kwa mkokoteni, kwa sababu jikoni kwa Mzungu kulikuwa na mbwa wawili wenye manyoya marefu, na aliwachukia kuliko chui. Tukahamisha meza na viti, chumba cha mbele kikawa karakana. Kwanza aliiosha milango kwa maji ya magadi, yale yale ninayotilia maharage, mpaka mafuta ya miaka yote ya kukaanga yakatoka yenyewe. Nikacheka kuona magadi yangu yakiwa dawa ya makabati. Hakucheka. Akaziba kila kishimo kwa puti, akapiga msasa, akafuta, akapiga tena. Nilimwambia mbao sasa ni laini kuliko shavu langu. Akaugusa mlango, akaligusa shavu, akasema bado. Sikujua anasema kuhusu kipi.

Baada ya hapo ilikuwa rangi ya chini, msasa wa maji, rangi tena, msasa tena. Mimi nilidhani siri ya kung'aa iko kwenye kopo. Kumbe rangi ile ya juu inaonyesha tu kazi iliyofichwa chini yake. Kila safari aliichuja rangi kwenye kitambaa chepesi, na kopo lenyewe akalikalisha kwenye maji ya uvuguvugu ili rangi itiririke bila uvivu. Brashi mpya alikataa kuitumia kwa sababu hunyonyoka nywele. Alikuwa na kuukuu yake, aliyoiosha na kuitunza vizuri kuliko koti lake la kanisani. Kabla ya kupaka alioga, akalowesha nywele, akabaki na kaptula peke yake, eti shati linatoa nyuzi. Jirani aliyechungulia dirishani siku ya kwanza alikwenda kutangaza kwamba mume wangu ameingiwa na wazimu.

Adui yake mkubwa alikuwa vumbi. Anayeijua Arusha wakati wa kiangazi hahitaji kuelezwa. Lile vumbi la ardhi nyeusi ni jepesi mno. Unalifungia mlango, linapita dirishani, unalifungia dirisha, linapita kwenye bati. Na dirisha lenyewe hakutaka lifungwe, maana rangi ikikosa hewa inakauka ikiwa na ukungu. Kwa hiyo akatoa amri: siku rangi ya mwisho inapopakwa, uwanja usifagiwe kabisa, mpaka atakaporudi na kuigusa mwenyewe.

Ungekuwa mwanamume usingeelewa uzito wa amri hiyo. Kwetu mwanamke aliyeolewa juzi hafagii ili pawe safi tu. Anafagia ili wapita njia wajue kwamba ameamka, hana uvivu, na nyumba ina mwenyewe. Uwanja usiofagiwa saa mbili asubuhi maana yake ndani kuna mgonjwa, au ni aibu. Nilimwambia hivyo. Akanitazama kwa huruma kweli, halafu akasema, "Siku moja tu, mke wangu." Nikakubali. Alikuwa haniombi mambo mara kwa mara.

Siku yenyewe ikafika. Alipaka alfajiri, umande ungali umelilaza vumbi, akiilaza rangi kwa ncha ya brashi, upande mmoja tu, taratibu, bila kurudia. Nilishika taa nikazuia pumzi. Milango ilikuwa imelazwa juu ya mbao zenye misumari iliyochomoza, ili isiguse kitu. Alipomaliza aliutandaza wavu uliolowa dirishani, akanyunyiza maji uwanjani, akaenda shambani kwa Mzungu kupaka fremu zilizobaki ukutani. Mlangoni aligeuka akaniambia, "Hata kuku asikanyage."

Nikabaki nalinda uwanja mchafu. Majani ya mti wa mgrevilea yalikuwa yametapakaa kila mahali, na jua likapanda likayakausha yale maji yote. Majirani walipita, wakanisalimia kwa sauti ya pole.

Ikawa ni siku ya soko. Mara namwona mama mkwe anaingia, mkungu wa ndizi kichwani, kibuyu cha maziwa begani, na miguuni viatu vyeusi alivyovivaa kanisani na kwa mwanawe tu. Njiani alivishika mkononi, akavivaa akifika kwenye uzio wetu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakunitazama. Alikuwa anautazama uwanja. "Unaumwa?"

"Siumwi, mama."

"Mume wako yuko wapi?"

"Ameenda kazini. Ameacha milango ya makabati ndani, ameipaka rangi leo. Amesema tusifagie."

"Rangi iko ndani," alisema. "Mimi nitafagia nje."

Alikuwa akiniongelea Kiswahili. Mama yule akiwa na furaha aliongea Kimeru, nami nilikisikia vizuri kwa kuwa hakiko mbali na lugha ya kwetu. Kiswahili alikitoa akikasirika, kama vile anaongea na karani. Akatua mkungu, akazunguka nyuma ya nyumba, akarudi na ufagio wangu.

Mama mkwe kushika ufagio kwenye uwanja wako ni kipigo. Na kumnyang'anya huwezi. Mkono wako hauendi kwenye mkono wake kwa ugomvi, hata uwe umechanganyikiwa namna gani. Nilimwomba. Nilimwomba tena. "Mimi nimekuja kwa mwanangu," alisema, "sikuja jalalani." Akainama, akapiga ufagio mara moja, na wingu likanyanyuka likaanza kusogea dirishani bila haraka. Nikaiona kahawa ya Nkoaranga. Nikamwona mume wangu akishika jembe miaka yote iliyobaki, bila kulalamika, kwa sababu ya pigo moja la ufagio ambalo mkewe alishindwa kulizuia.

Karibu na mlango kulikuwa na debe la maji niliyoyachota mfereji wa juu alfajiri ile. Sikufikiri. Nikalibeba debe zima nikalimwaga uwanjani, mbele ya ufagio wake.

Vumbi lilikufa papo hapo. Tope likaruka, likatua juu ya viatu vyeusi vya kanisani.

Akanyanyuka taratibu. Akavitazama viatu, akanitazama mimi.

"Umenimwagia maji."

"Nimelimwagia vumbi, mama," nilisema, na sauti yangu ilikuwa nyembamba kama ya mtoto. "Vumbi likiingia, kazi yake imekwisha. Njoo uone mwenyewe. Usiponielewa, nirudishe kwetu."

Sijui nilitoa wapi maneno hayo. Nikatangulia dirishani, naye akaja, viatu vikilia kwa tope. Nikafunua wavu pembeni kidogo. Akachungulia.

Milango ilikuwa imelala pale, myeupe, imetulia, na mwanga wa dirishani umelala juu yake bila kukatika popote. Hakuna mstari, hakuna chembe, hakuna tone lililoganda pembeni. Nilikuwa nimeiona tangu alfajiri, na bado nilishtuka.

Alichungulia kwa muda mrefu. Mwanamke yule alikuwa ametumia maisha yake kusugua vibuyu, kukandika kuta na kunyoosha mistari ya ufagio. Alijua maana ya mkono usioharakisha. Mwishowe aliuliza kwa sauti ya chini, "Hizo ni mbao?"

"Ni mbao, mama."

"Amefanya mwenyewe? Si Mhindi?"

"Mwenyewe. Kwa brashi kuukuu."

Aliurudisha wavu kwa vidole viwili, kwa uangalifu kuliko nilivyoufunua mimi. Kisha akauliza kwa Kimeru, "Zinakauka saa ngapi?"

Nikamjibu kwamba ni alasiri. Akaagiza kigoda. Akakiweka langoni, kwenye uzio, akakaa na ufagio magotini, tope limekauka juu ya viatu vyake, na tangu saa hiyo hakuna kiumbe kilichovuka. Kuku walirudishwa. Jirani aliyekuja kuomba moto aliambiwa apite kwenye majani mabichi ya pembeni, tena anyanyue miguu. Mzee mmoja wa kanisa letu alisimama kutusalimia, akaombwa asimame palepale alipo na akohoe akiangalia barabarani. Mimi niliendelea kuchota maji mferejini na kunyunyiza, na kila nilipopita mbele yake alinionyesha kwa ufagio mahali nilipopasahau.

Mume wangu aliporudi alimkuta mama yake langoni, akaganda. Alipita moja kwa moja akaenda kuigusa milango. Kwenye mmoja alikuta mdudu mdogo amenasa, akanuna. Huo akausugua na kuupaka upya kesho yake. Mingine yote ilikuwa safi. Alipotoka nje mama yake alimwambia tu, "Maziwa yako ndani ya kibuyu." Habari ya kahawa hakuitaja jioni ile. Yule Mzungu alipompa mwanawe nyumba nzima kuipaka, mama mkwe hakuitaja tena maisha yake yote. Aliajiri kijana wa jirani kuchuma.

Kazi zikamjia mume wangu mpaka zikamzidi. Siku nyingine akipaka mimi nilichuja, siku nyingine nilipiga msasa, na baadaye akaniachia brashi kuukuu, heshima ambayo hakumpa mtu mwingine. Bendera ya Waingereza ikiwa bado inapepea bomani, wanawe walimjengea mama yao jiko la saruji lenye kabati la ukutani. Alilitaka jeupe. Mume wangu alikuwa na kazi Moshi isiyoachika. Nikapanda Nkoaranga mwenyewe.

Nilipaka rangi ya mwisho alfajiri, kama yeye, mlango umelala juu ya misumari. Sikutoa amri yoyote; nani angemwamuru mama yule? Jua likapanda. Nikasikia nje kumetulia, nikachungulia. Uwanja ule maarufu ulikuwa umejaa majani na maganda, haujaguswa, na mwenyewe amekaa kwenye kigoda, ufagio magotini.

Akina mama waliokuwa wakishuka njia ya kanisani wakasimama kwa hofu. Tangu wamjue hawajawahi kuuona uwanja wake hivyo. Mmoja akauliza kwa Kimeru kama kuna mgonjwa.

"Hakuna mgonjwa," akawajibu. "Binti yangu anapaka rangi."

"Binti gani, wewe? Si ulizaa wavulana tu?"

"Yuko ndani," alisema. "Nanyi piteni kwenye majani ya pembeni, mnatimua vumbi."

Mimi nilikuwa nimeinama juu ya mlango, brashi mkononi, rangi mbichi chini ya uso wangu. Nikageuka upesi ukutani, machozi yasije yakadondokea mlangoni.